Familia ya Majaribio

Ofisini walimwita Rula, na jina likamkaa. Alikuwa afisa mipango wa wizara ya afya, mtu mwembamba, mashati yake yamepigwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe, na hakupenda kitu duniani kama jedwali lililonyooka. Ukimpelekea mpango wenye safu zisizolingana, alikunja uso kana kwamba umemletea mtoto wake akiwa na makamasi. Wenzake walimcheka sana. Lakini kila kazi zao zilipokuwa shaghalabaghala na Mkurugenzi anazitaka, walimfuata wenyewe na maneno matamu mdomoni, naye aliwanyooshea bila kinyongo.

Mwaka ule serikali iliamua kupanga upya huduma za afya ya akili kwa watoto, jambo ambalo hapo awali lilikuwa likitajwa kwenye hotuba na kusahaulika kabla viti havijakunjwa. Iliomba msaada, na msaada ukaja kwa sura ya Mama Mshauri. Alikuwa mwanamke wa makamo, sauti ya chini, mwenye uvumilivu wa kutisha, na alikuwa amekwisha kukaa na serikali kadhaa akizisaidia kupanga jambo hilohilo. Mama huyu alikuwa na sharti moja ambalo hakumlegezea mtu, awe waziri awe mfagizi. Mpango aliosaidia kuuandika haukwenda kutiwa saini mpaka mmoja wa walioandika aupitie kwa miguu yake mwenyewe. Aende kituoni kama mzazi, apange foleni kama mzazi, angoje, aulizwe maswali, kisha arudi aeleze.

"Mmekipika wenyewe," aliwaambia kikaoni. "Sasa nani anaonja?"

Kikao kizima kikainamia simu. Mkurugenzi, ambaye alikuwa hodari wa kuwagawia wengine heshima zisizo na posho, akakohoa kidogo. "Sura ya utaratibu wa kituo kaiandika Rula," akasema. "Rula ataonja."

Rula alikubali kwa roho nyeupe. Kusema kweli aliona fahari. Aliwahi kutamka mbele za watu kwamba sura ile ni mwanawe wa pili, watu wakacheka, na kumbe hakuwa anatania. Alikuwa ameigawa kazi akaigawa vizuri. Watoto mlango huu, chini ya kurugenzi ya watoto. Watu wazima mlango ule, hospitali kubwa, chini ya kurugenzi nyingine na bajeti nyingine. Hakuna kugongana wala kuulizana fedha hizi ni za nani, na kila mgonjwa ana mahali pake.

Tatizo lilikuwa kamba aliyojifunga mwenyewe. Katika sura hiyohiyo alikuwa ameandika kwamba mzazi asiyekuja na mtoto haandikishwi, ili watu wasije wakawaacha watoto nyumbani na kuja kuwasema tu. Bila mtoto hakuna faili. Kwa hiyo hata mwonjaji alihitaji mtoto, na Mama Mshauri hakulipenda jambo hilo hata chembe.

"Sitaki mtoto wa watu aingizwe kwenye mchezo asioujua," alisema.

"Ninaye wa kwangu," Rula akajibu. "Nitamweleza kila kitu. Akikataa, basi."

Mtoto hakukataa. Alikuwa na miaka kumi na mbili, na baba yake alimwita Bibi Mdogo, kwa sababu tangu mama yake afariki mwaka juzi, nyumba aliiendesha yeye. Shangazi alipita mara mojamoja kupika na kufua, lakini aliyejua sukari imebaki kiasi gani, shati gani limekatika kifungo na fundi bomba anakuja lini, alikuwa ni Bibi Mdogo. Rula alipenda kuyasimulia haya ofisini. "Mimi pale nyumbani mpangaji tu," alisema, "mwenye nyumba ni yule." Watu walicheka na kumsifu mtoto kwamba ana akili za kikubwa. Hakuna aliyeuliza zile za kitoto amezipeleka wapi. Tusiwalaumu sana, maana sifa ni tamu, na kila mtu alikuwa na kazi zake.

Mazoezi yalifanyika mezani, Jumapili mchana.

"Utasema hulali vizuri," Rula alimweleza. "Na utasema unaogopa shule."

"Mimi siogopi shule, baba."

"Ndiyo maana tunaita kuigiza."

"Sawa. Naogopa nini huko shuleni?"

Hilo Rula hakuwa amelifikiria. Akachungulia rasimu yake, iliyokuwa kando ya sahani. "Una mfadhaiko wa kiwango cha kati," akasoma, "unaoathiri mahudhurio."

Bibi Mdogo akarudia maneno yale polepole huku akikusanya vijiko, kama mtu anayejaribu kiatu ambacho si saizi yake. Kisha akauliza, "Na wewe watakuuliza nini?"

"Mimi nitangoja kwenye benchi. Mimi si mgonjwa, Bibi Mdogo, utaratibu huu ni wa mtoto."

Mtoto alimtazama. Halafu akaitazama sahani ya baba yake, ambayo ilikuwa kama ilivyopakuliwa, akaichukua na kuifunika.

Kituo cha majaribio kilikuwa zahanati ya zamani, imepakwa rangi mpya mpaka usawa wa kichwa cha mtu mzima, na kutoka hapo kwenda juu ukuta ukabaki na uzee wake. Wafanyakazi waliambiwa kwamba siku moja itakuja familia ya majaribio kutoka wizarani, ila hawakuambiwa ipi wala lini. Rula alivaa shati lisilopigwa pasi, akidhani ndivyo wazazi wanavyovaa. Alijipanga foleni mkono wake umemshika mwanawe begani, na lazima tukiri kwamba alikuwa anafurahia. Aliona dirisha la mapokezi limewekwa juu mno hata akina mama wanasimama kwa ncha za vidole. Aliona benchi halina mahali pa kuegemea. Kila alichokiona alikiweka kichwani, tayari kwa kikao.

Kwenye benchi walikuwapo mama mmoja mnene na mtoto wake wa kiume aliyekuwa amejificha chini ya benchi na kukataa kutoka, msichana mkubwa na mama yake waliokuwa hawasemeshani, na babu mmoja mwenye wajukuu pacha waliomlalia mapajani, huyu huku na huyu huku. Bibi Mdogo alipoitwa, aliingia peke yake kwenye chumba cha nesi, kama utaratibu ulivyotaka, na Rula akabaki nje.

Chumba kile kilitenganishwa na benchi kwa kiambaza cha plaiwudi, na kiambaza hakikufika darini. Rula alikijua vizuri. Fundi alikuwa ameomba mbao za kukifikisha juu, na Rula ndiye aliyepiga mstari mwekundu kwenye ombi lile, kwa maelezo kwamba hewa itapita na fedha zitabaki. Sasa, akiwa amekaa chini yake, akagundua kuwa hewa haikupita peke yake.

"Karibu, mwanangu," ilisema sauti ya nesi, nzito kidogo, ya mtu aliyezoea kusikika wodi nzima. "Kaa popote. Habari za kwako?"

"Nina mfadhaiko wa kiwango cha kati unaoathiri mahudhurio."

Kisha nesi akaangua kicheko kilichoanzia tumboni.

"Pole sana! Na mahudhurio yenyewe yanasemaje?"

"Yanaathirika," akasema Bibi Mdogo, kwa heshima zote.

"Basi nyinyi ndio familia ya majaribio. Tumewangoja mpaka macho yametutoka. Nani kakubebesha maneno mazito hivyo, masikini?"

"Baba."

"Mwambie baba yako akapumzike kidogo."

Pale kwenye benchi Rula naye alikuwa anatabasamu. Lakini mwanawe hakucheka. "Ndiyo," alisikika akisema. "Anahitaji kupumzika."

Nesi alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Haya, mchezo tumeumaliza, na umeucheza vizuri. Sasa tukae tu mpaka muda wenu uishe. Ukitaka kuzungumza, zungumza. Hutaki, tunanyamaza wote wawili, mimi nimechoka tangu asubuhi." Akangoja. "Hapumziki, baba?"

"Halali. Anadhani mimi sijui. Usiku anakaa jikoni bila taa. Mimi naacha mlango wangu wazi nisikie kiti chake. Kiti kikilia, najua yupo. Kikinyamaza sana, naenda kunywa maji."

"Una kiu?"

"Hapana. Naenda kumwona." Bibi Mdogo alisema mambo haya kama anavyosema sukari imekwisha. "Mama naye alikuwa anasema ni uchovu tu. Hakutuambia mpaka mwisho. Na baba naye siku hizi anasema ni uchovu tu."

"Ehee. Na asubuhi unakwenda shule?"

"Nakwenda, ila nasinzia. Mwalimu wa michezo amenichagua niende na timu kwenye mashindano, mji mwingine, wiki nzima. Nimemwambia mwalimu kwamba baba amekataa."

"Amekataa kwa nini?"

"Hajakataa. Sijamwambia."

"Mbona hujamwambia?"

"Nikienda, nani atasikiliza kiti?"

Kwanza Rula aliona haya, haya za kuungua masikio. Kisha haya zikapita na kuacha kitu kibaya zaidi. Alimwona mwanawe amesimama jikoni na bilauri ya maji asiyoyataka, akimwuliza, "Baba, bado unafanya kazi?" na yeye akijibu, "Namalizia, Bibi Mdogo, kalale." Alikuwa amejisifu ofisini kwamba mtoto wake hamsumbui. Akainamisha kichwa, na machozi ambayo hayakutoka hata siku ya mazishi yakaanza kumdondoka sakafuni mbele ya watu asiowajua.

Na hapo ndipo benchi likaanza kelele. Yule babu alikohoa kikohozi kirefu, cha uongo mtupu. Mama mnene akapaza sauti kumwuliza mtoto wake kiatu kimekwenda wapi, ilhali viatu vyote viwili vilionekana vimevaliwa. Msichana mkubwa na mama yake, waliokuwa wamenuniana, wakaanza kubishana kwa nguvu kama mvua itanyesha au haitanyesha. Baadaye Rula alikuja kuambiwa kwamba hiyo ndiyo desturi ya benchi lile. Kiambaza hakifiki juu, basi mtoto wa mwenzio akifika pagumu, benchi linapiga kelele ili maneno yake yabaki kwake. Hakuna aliyewaagiza. Leo walichelewa kidogo tu, kwa kuwa sauti ya Bibi Mdogo ilikuwa tulivu mno na hawakujua kwamba amefika pagumu.

Babu hakumtazama Rula. Alimsogeza pacha mmoja kidogo, akamlaza mapajani mwa Rula bila kuomba, na kuendelea kukohoa. Mtoto yule alikuwa mzito na mwenye joto, na Rula akamshika. Nasema hili kwa sababu mwenyewe alilisema mara nyingi baadaye: katika fadhili zote alizowahi kutendewa, hakuna iliyomfaa wakati wake kama ile.

Nesi alipotoka, alikuwa mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi kwenye mkono mmoja. Aliuangalia uso wa Rula, kisha akainua macho akaliangalia lile pengo la juu ya kiambaza.

"Umesikia," akasema.

"Nimesikia."

"Kila mwezi tunawaandikia wizarani kuhusu hiki kiambaza. Pengine barua zetu wanafungia maandazi." Akamrudisha pacha kwa babu yake, akamvuta Rula pembeni. "Nisikilize, ndugu yangu. Wewe ni dereva wao, au tarishi? Haidhuru. Mimi hapa nimekwama. Kwa utaratibu huu mpya, mtoto wako haumwi. Anayetakiwa kuonwa ni wewe. Basi faili lake nalifunga, wewe nakupa rufaa ya kwenda hospitali kubwa, mlango wa watu wazima, na kule hawatakuuliza kama una mtoto, kwa kuwa watoto si wao. Na huyu anarudi nyumbani kusikiliza kiti. Aliyeandika hii kitu hana watoto."

"Anaye mmoja," Rula akasema.

Nesi akaelewa. Mkono ukamwenda mdomoni. "Basi leo nimemwaga unga."

"Hujamwaga. Endelea."

"Niendelee na nini? Mafaili ya namna hii nimeshafunga mengi mno, na kila nikifunga moyo unaniuma, ila sikujua nifanye nini kingine. Hata sasa sijui." Aliitazama saa ya ukutani, akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa sare. "Ila hii ni saa yangu ya chakula. Kwenye utaratibu wako, saa ya chakula hujaigusa, nimeusoma wote. Chukua kiti uingie ndani."

Wakakaa watatu. Bibi Mdogo alipomwona baba yake anaingia na kiti mkononi na macho mekundu, alisimama haraka, akataka kumwuliza kama ameumia.

"Kaa, mwanangu," nesi akasema. "Baba, sema mwenyewe."

Rula alifungua mdomo, na yaliyokuja kwanza yalikuwa yaleyale, kwamba ni uchovu tu. Akayameza. "Silali," akasema. "Tangu mama yako."

"Najua."

"Na chakula hakipiti."

"Najua, baba. Ninafunika mimi."

"Sikutaka ujue."

Bibi Mdogo akamtazama nesi, kama mtu mzima anavyomtazama mtu mzima mwenzake mbele ya mtoto msumbufu. Nesi alijizuia kucheka, na hata Rula, pamoja na yote, alijikuta anajizuia.

"Sikia, mwanangu," nesi akasema. "Mimi nimekesha wodini miaka mingi, kwa hiyo nakuongelesha kama nesi mwenzangu. Wewe umekuwa zamuni. Zamu ndefu, bila mtu wa kukupokea. Sisi hatufanyi hivyo, ni makosa. Kwetu nesi haondoki kwa mgonjwa mpaka mwenzake amefika, na haondoki kimyakimya, anakabidhi. Anasema mgonjwa ameamkaje, amekula nini, amelala vipi, nini kinanitia wasiwasi. Yule wa pili anasikia yote, anasema nimepokea, na wa kwanza anakwenda nyumbani. Akifika nyumbani halindi mtu tena. Sasa nikabidhi."

Na Bibi Mdogo akakabidhi. Alinyoosha mgongo, akaweka mikono juu ya magoti, na kueleza habari za baba yake huku baba mwenyewe amekaa palepale kama mgonjwa kitandani. Alisema asubuhi anakunywa chai nusu. Alisema akirudi kazini anakaa na viatu mpaka aambiwe avue. Alisema siku ya Jumapili ni mbaya kuliko nyingine, na kwamba wimbo fulani ukipigwa redioni inafaa mtu aubadilishe kabla hajasikia. Alisema hapendi kumsumbua shangazi, eti ana mambo yake, ingawa shangazi mwenyewe huuliza kila mara. Sauti yake haikutetemeka mpaka alipofika mwisho.

"Na mimi sijui kama nafanya sawasawa," akasema. "Sijui dawa yake."

"Umefanya sawasawa," nesi akamwambia. "Dawa si kazi yako. Nimepokea."

"Na wewe ukienda likizo?"

"Namkabidhi mwingine. Baba yako ataonwa na daktari wa watu wazima, nami nitazungumza naye kwa simu, na nyinyi wawili mtakuja hapa pamoja. Shangazi naye aje. Nimepokea, mwanangu. Nenda nyumbani."

Bibi Mdogo alivuta pumzi ndefu, akaegemea bega la baba yake ili angoje wakubwa wamalize maneno yao, na akalala. Alilala palepale kwenye kiti, mdomo wazi kidogo. Nesi alikula mkate wake taratibu akiwatazama, na kule nje benchi, lililokuwa likipiga soga mpaka wakati huo, likanyamaza lote. Rula hakusogeza hata kidole. Mkono ulimfa ganzi, na moyoni alikuwa anasema asante, asante, bila kujua anamwambia nani kati ya wote.

Kikao kilikuwa siku chache baadaye. Siku ya waziri kutia saini ilikwisha kutangazwa, na Mkurugenzi alikuwa na suti mpya.

"Haya, umeonja nini?" Mama Mshauri akauliza.

Rula akaanza na benchi lisilo na mgongo na dirisha lililo juu. Mkurugenzi akafurahi sana. "Mambo madogo hayo, fundi atamaliza," akasema, akaanza kukusanya makaratasi yake. Hapo Rula angeweza kukaa chini, na hakuna ambaye angejua lolote. Binadamu ana haya, jamani, na mtu aliyevaa tai ana haya mara mbili. Alishika ukingo wa meza, akapiga moyo konde.

"Kuna jambo jingine, Bosi. Mwanangu alifunguliwa faili, likafungwa, kwa sababu yeye haumwi. Anayeumwa ni mimi. Tangu nifiwe, silali, na mtoto amekuwa akinilinda usiku. Sura niliyoiandika ilinipeleka mimi mlango mmoja na yeye ikamrudisha nyumbani bila kitu. Aliyetuokoa ni nesi aliyetoa saa yake ya chakula."

"Rula," Mkurugenzi akasema kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya, "pole sana, ndugu yangu. Lakini hayo ni mambo binafsi."

"Ndiyo, Bosi. Na huduma yenyewe ndiyo hiyo."

"Ukiwaweka mzazi na mtoto chumba kimoja, bajeti inakuwa ya kurugenzi gani?"

"Sijui," Rula akajibu. Wenzake wakageuka kumtazama, kwa kuwa neno hilo hawakuwahi kulisikia likitoka kinywani mwake. "Sijui kabisa. Ila naomba tusitie saini mpaka tujue."

Mama Mshauri hakumsifu wala hakumpa pole. Aliisogeza kompyuta iliyokuwa ikionyesha sura ile ukutani, akaiweka mbele ya Rula. "Ungependa kufuta mwenyewe?" akauliza. Na Rula akalifuta jedwali lake lililonyooka, safu baada ya safu. Mkurugenzi akaja juu, akatoka kwenda kumpigia waziri simu, na ikapita muda mrefu kabla hajaanza tena kumsalimu Rula kwa uchangamfu.

Sura mpya iliandikwa na watu wengi zaidi. Nesi mrefu aliitwa, na yule babu wa pacha naye akaitwa, akakaa kwenye viti vya wizara kama amezaliwa navyo. Faili likawa la familia. Mzazi na mtoto wakapokelewa pamoja, daktari wa watu wazima akapangiwa siku za kufika kituoni, na mtoto aliyekuwa akimlinda mkubwa wake akawa na mtu wa kumkabidhi. Si kila mahali. Vilikuwa vituo vichache tu kwa kuanzia, na kurugenzi mbili zile ziliendelea kuvutana kama kawaida yao. Wenzake ofisini hawakujua wamfanyeje, basi walimletea chai yenye sukari ya kutosha watu wanne, na mmoja akamwuliza kwa huruma kama bado anaruhusiwa kubeba mafaili mazito. Rula akainywa chai yote. Alijua wanamaanisha nini.

Alipokwenda kumshukuru Mama Mshauri, alimkuta anafunga mkoba wake kwa safari ya kwenda kwa serikali nyingine.

"Wengi huniletea habari za foleni tu," Mama akamwambia. "Mimi ndiye wa kukushukuru."

Naye Rula hakupona mara moja, hakuna haja ya kupiga chuku. Kulikuwa na usiku aliolala kama gogo na usiku aliorudi jikoni. Tofauti ni kwamba sasa aliwasha taa, na asubuhi alisema. Shangazi alihamia kwao na masanduku yake na makelele yake. Alimwambia kaka yake kwamba alikuwa akingoja kuombwa tangu siku ya arobaini, na kwamba yeye Rula ni mjinga, na baada ya hapo akalia.

Siku ya mashindano ilifika. Asubuhi, nje ya lango la shule, basi lilikuwa linanguruma na watoto wanarushiana mabegi. Bibi Mdogo alikuwa amewasimamisha baba yake na shangazi yake ukutani, anawapa maagizo.

"Shati la bluu halijakauka. Fundi bomba anakuja kesho, msimlipe mpaka amalize. Baba, utalala?"

Zamani angesema ndiyo. "Sijui, mwanangu," akasema. "Nikishindwa, shangazi yupo, na Ijumaa namwona daktari wangu."

Bibi Mdogo alilipima jibu lile. "Sawa," akasema. "Na ile dawa ya asubuhi usiinywe kabla ya..."

"We! Njoo! Viti vya dirishani vinaisha!" msichana mmoja akapiga kelele kutoka ndani ya basi.

Na mtoto akakimbia. Hakumaliza sentensi. Begi lilimgonga miguuni, kiatu kimoja kilimvuka nusu, akapanda ngazi akisukumana na wenzake. Walimwona dirishani akigombania kiti, akacheka kwa sauti kubwa, akampiga mwenzake kwa kofia. Rula aliinua mkono, akangoja. Basi likaondoka. Bibi Mdogo hakugeuka, wala hakuchungulia; alikuwa amewapa kisogo, anaimba na wengine, amewasahau kabisa.

Shangazi akabaki mdomo wazi. "Hata kutuaga! Ndiyo nini sasa? Mtoto gani huyu?"

Rula alikuwa anafuta macho, na alikuwa anacheka.

"Wa miaka kumi na mbili, dada," akasema. "Mungu ashukuriwe. Wa miaka kumi na mbili."